Cheti cha Masikio Mazima

Msimamizi alimchomoa Mama Pacha vizibo vya sponji masikioni kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya mashine kumi na nne za kukata misumari, akavitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Mama Pacha alikuwa amejinunulia vizibo hivyo kwenye duka la dawa, baada ya daktari kumpasulia ukweli: huo mlio wa masikioni hauponi, ila akiziba masikio kazini hatapoteza kilichobaki. Kilichobaki ni sikio la kulia. La kushoto lilibakiwa na mlio tu, mwembamba, usiolala wala kwenda likizo. Kwa lile la kulia bado aliwasikia wanawe wakinong'onezana kitandani, na hilo hakuwa tayari kumwachia mtu.

"Kengele ya hatari ikilia utasikiaje?" msimamizi alibwata.

"Hata bila vizibo hatuisikii, bosi. Tunaangalia taa."

"Umeota mapembe siku hizi! Nenda kwa nesi. Akikuandikia kinga, vaa."

Nesi wa kiwanda alikuwa dada mpole, ila upole wake haukuwahi kumfaa mtu. Alifunga mlango, akafungua fomu.

"Mama, masikio yanalia?"

Mama Pacha alifungua kinywa. Nesi akainua kalamu.

"Ngoja kwanza. Nikiandika yanalia, wewe ni mgonjwa, na mgonjwa haruhusiwi kwenye mashine. Unakabidhi sare leo leo."

"Na nikisema hayalii?"

"Basi ni mzima. Mzima haandikiwi kinga."

"Sasa dada yangu, hiyo kinga mlimwekea nani?"

Nesi akainamia fomu yake.

Mama Pacha alipandwa na hasira. Miaka kumi na mmoja kwenye kelele ile, leo anahojiwa kama mtoto aliyevunja kikombe! Alitamani aichane ile fomu vipande vipande. Lakini pacha walikuwa darasa la tano, na baba yao alishakwenda zake.

"Hayalii," akasema.

"Hongera, mama," nesi alijibu kwa mazoea, akagonga muhuri.

Mama Pacha alikuwa ameshawasha mashine nesi alipotokea mlangoni na fomu. Alikuwa amesahau kumpa asaini. Alisimama kwanza kizingitini, akavaa vikinga masikio vikubwa vyekundu, akavibana vizuri kwa mikono miwili, ndipo akaingia. Akamwonyesha kwa kidole pa kusaini.

Mama Pacha alisaini, kisha akamwambia neno. Nesi alitabasamu, akagusa vikinga vyake, akatikisa kichwa kwamba hasikii.