Wabebaji wa Ghorofa ya Tisa

Kiti cha magurudumu kilishuka ngazi kikiwa kimebeba mwanamke aliyekaa wima kama hakimu, mikono juu ya mapaja, na wanaume wanne wakihema pembeni yake. Wa mbele upande wa kulia, mwenye shingo nene na sauti ya kuamrisha, alikuwa mumewe. Jengo zima lilimwita Winchi, kwani kabla ya kustaafu aliendesha mitambo ya kunyanyulia vyuma kwenye majengo mapya, na hakuwahi kukutana na mzigo ukamshinda. "Kushoto kidogo. Shusha. Pumzika," alisema, na kila ngazi zilipopinda wawili walitoka na wawili wengine wakashika, kiti kisitikisike hata chembe. Umeme ulikuwa umekatika, lifti zote mbili zimelala, na mkewe alikuwa na miadi ya daktari.

Ustadi huo ulikuwa fahari ya jengo. Tangu kiharusi kilipomnyang'anya mkewe miguu, Winchi aliunda kikosi: kinyozi wa ghorofa ya sita, muuza viatu wa ghorofa ya nne, na wengine kadhaa waliojua zamu zao vizuri kuliko siku za kuzaliwa za watoto wao. Walijipiga kifua, na walikuwa na haki. Mimi nimeishi kwenye majengo ambayo majirani wanashindwa hata kukubaliana nani afagie mlangoni.

Jenereta ilikuwapo, tena nzima, ila iliendesha pampu za maji na taa za ngazini. Kanuni ya majengo marefu ilidai zaidi: umeme ukikatika, jenereta iteremshe lifti moja moja hadi chini, ifungue milango, kisha lifti moja iendelee kufanya kazi. Jenereta yao haikuwa na nguvu za kubeba lifti na pampu kwa pamoja, na kamati ya wakazi ilichagua maji. Nani angewalaumu? Maji yanahitajiwa na kila mtu, na mama wa ghorofa ya tisa alikuwa na wabebaji wake.

Mkaguzi wa majengo alipokuja, alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira, asiye na haraka ya kuzungumza. Mwenyekiti wa kamati, mfamasia aliyezoea kusikilizwa, alimweleza habari za pampu na za kikosi kwa ufasaha mkubwa. Mkaguzi alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kuwa bila jenereta kubeba lifti atazifunga zote mbili. Njia ilikuwa moja tu. Angeweza kuwapa muda hadi mwakani, watafute jenereta kubwa zaidi, endapo kila mkazi asiyeweza kupanda ngazi atakubali kwa kinywa chake mwenyewe.

Mkazi wa namna hiyo alikuwa mmoja. Macho yote yakamgeukia Winchi.

"Mke wangu hana neno," alisema, kifua mbele. "Tunambeba kama yai. Akitaka kutoka, anasema tu."

"Basi nikamsikie akisema," alijibu mkaguzi, akaelekea kwenye lifti.

Walimkuta dirishani. Zamani alikuwa mkagua tiketi kwenye treni, mtu aliyekula mchana mji huu na kulala mji mwingine, na hata sasa alikuwa na tabia ya kumtazama mgeni kana kwamba anasubiri aonyeshwe tiketi yake. Alielezwa jambo lote. Winchi alisimama kando akitabasamu, maana jibu alilijua.

"Sikubali," mkewe alisema.

Tabasamu la Winchi lilibaki usoni kwa muda, halina pa kwenda.

"Wananibeba vizuri, sina kinyongo nao. Nikiwa na daktari nawaita, sioni haya. Lakini kuna siku nataka kutoka tu, bila sababu. Nikishuka umeme ukiwapo, sijui kama utakuwapo nikirudi. Sasa nimwambie kinyozi aache kichwa cha mteja nusu, aje anipandishe kwa sababu nilitamani jua?" Akamgeukia mumewe, sauti ikashuka. "Nimeacha kutamani, baba. Umedhani nimeridhika."

Winchi alikwenda jikoni, akasimama mbele ya sinki pasipo na cha kuosha. Alikasirika kwanza, akajiona ameaibishwa mbele ya mgeni. Kisha hasira ikamwishia, kwa sababu alikumbuka kuwa katika safari zote hizo yeye ndiye aliyekuwa mbele, na hakuwahi hata mara moja kuuona uso wa mkewe. Kumbukumbu hiyo iliuma, na aliiacha iume.

Kikao cha wakazi kilikuwa kikali. Watu walilalamikia maji, ambayo sasa yangekatika pamoja na umeme, wengine wakanong'ona kuwa jengo zima linateseka kwa ajili ya mtu mmoja. Winchi alisimama. Hakujitetea.

"Mimi ndiye niliyesema hana neno," alisema. "Sikumuuliza. Anayetaka kukasirika anikasirikie mimi, na maji nitawabebea."

Kinyozi alikohoa, akasema yeye binafsi ana nafuu, maana ndoo haziwezi kumkosoa njiani. Watu wakacheka, na kwa kicheko hicho jambo likapita. Fundi umeme aliondoa pampu kwenye jenereta, akaunganisha lifti.

Siku ya majaribio mkaguzi alitaka lifti iwe na mtu ndani umeme utakapozimwa. Kikosi kizima kikajitolea. Mkewe Winchi alisema ataingia yeye, na ataingia peke yake.

"Nikusubiri chini?" Winchi aliuliza.

"Ukipenda."

Winchi akashuka kwa lifti nyingine, akasimama kwenye ukumbi na wenzake. Swichi kuu ikazimwa. Giza likatanda, na mahali fulani juu ya vichwa vyao lifti ikasimama na mtu wake. Hapakuwa na kiti cha kushika. Kwa mazoea mikono ya Winchi ilikunjika kama iliyobeba kitu. Jenereta ikanguruma, ikasita, ikanguruma tena, taa zikawaka, na waya za lifti zikaanza kuvuma polepole hadi milango ikafunguka.

Kikosi kilipiga makofi. Mkewe aliinamisha kichwa kuwashukuru, akasukuma magurudumu yake, akampita mkaguzi, akampita mwenyekiti, akampita mumewe, akatoka mlango mkubwa.

"Unakwenda wapi?" Winchi alimwuliza kwa upole.

"Bado sijajua."

Muuza viatu aliuliza kama wamfuate. Winchi alitikisa kichwa. Mikono aliitia mifukoni, akatazama kiti kikiteremka kwenye njia ya lami hadi kona. Pale mkewe alisimama, akaangalia huku, akaangalia kule, kisha akakata kushoto, upande ambao hakuna hospitali.