Semina ya Uhai na Barua ya Ange

Kufika saa moja na nusu asubuhi foleni ya kliniki ilikuwa imeshapita karo la maji. Ange alikuwa wa nne, mimba ya miezi saba mbele yake na daftari jipya mkononi. Nyuma yake alisimama mama yake mdogo, Ernesta Niyubahwe, tayari kavaa gauni la kanisani, maana saa tatu alitakiwa kanisani kutafsiri kwenye Semina ya Uhai.

Mlangoni palibandikwa karatasi: hudhurio la kwanza mama aje na mwenza wake. Hii ilikuwa mara ya tatu Ange kuisoma.

Nesi Rosa hakuwa mtu mbaya. Aliletwa kutoka Tanga, hajui Kiha, na kila wiki mganga mkuu humuuliza kwa nini akina baba hawaonekani kwenye rejista. Akauliza mwenza yuko wapi. Ange akatazama sakafu. Ernesta akajibu kwamba mwenza hayupo, na kwamba mtoto huyu hajapimwa damu wala presha tangu apate mimba.

"Basi lete barua ya mtendaji wa kijiji kwamba hana mwenza," Rosa akasema kwa upole. "Mama, mimi nikiandika bila barua, naulizwa mimi."

Barua ya mtendaji. Walishakwenda wiki iliyopita. Mtendaji alisikia jina, akauliza ukoo umetokea wapi, akaambiwa wazazi waliishi Mtabila, kambi ya wakimbizi wa Burundi. Hapo akaweka kalamu chini. Ernesta alimwonyesha kitambulisho chake cha taifa, kadi kabisa, lakini Ange alikuwa na namba tu, kadi haijatoka mwaka wa pili sasa. Mtendaji akasema hawezi kumwandikia mtu asiyemjua. Walete barua ya utambulisho kutoka kanisani wanakosali, yenye muhuri, ndipo na yeye aandike ya kwake.

Na kanisani ndiko kulikokuwa na kufuli. Ange alikuwa ametengwa. Kwa desturi yao, msichana akipata mimba nje ya ndoa haimbi kwaya, hashiriki Meza ya Bwana, anakaa kwenye benchi la nje chini ya dirisha mpaka mtoto afikishe miezi sita, kisha anatubu mbele ya watu wote. Aliyetengwa hapewi barua, kwa kuwa barua husema fulani ni mshirika mwema. Baba wa mtoto alikuwa Nickson, mpiga kinanda. Wazee walimuuliza mara moja, akasema hamjui Ange zaidi ya kwaya, wakamwamini. Ange walimwita kumhoji siku tatu.

Njiani kurudi Ernesta alinunua chumvi na kipande cha sabuni. Mafuta ya kula aliulizia bei tu, akaendelea na safari. Zamani alikuwa mkalimani wa shirika moja kule kambini, mwenye mshahara na koti lenye nembo. Shirika lilipofunga ofisi alibaki na Kiingereza chake na cherehani, na cherehani ndiyo iliyomlisha.

"Mama mdogo, tuache," Ange akasema. "Nitazalia nyumbani."

"Dada yangu alizalia nyumbani," Ernesta akajibu. "Ndiyo maana wewe unaniita mimi mama. Twende, mwana wanje, mwanangu."

Mgeni wa semina aliitwa Mama Judith, ajuza wa Kimarekani mwenye viatu vya kutembelea na goti bovu. Watu walitegemea mzungu wa magunia na kamera. Huyu alikuja na mfuko mmoja wa kofia za watoto wachanga, alizozifuma mwenyewe, na alipopewa kiti cha enzi alisema goti lake linapenda kusimama.

Alianza kusema, Ernesta akimfuata sentensi kwa sentensi. Nisiwafiche, mama yule alikuwa na moyo. Alieleza jinsi nchi yao ilivyogawanyika juu ya utoaji mimba, mpaka mahakama yao ya juu iliporudisha jambo hilo kwa majimbo, na hapo ugomvi ukazidi. Alisema wanagombania vitabu vya shule, wanagombania ndoa ni nini. Yeye anaamini kama alivyofundishwa na baba yake: mtoto ni mtoto tangu tumboni, na ndoa ni ya mume na mke. Kwa ajili ya hayo alitukanwa barabarani, na binti yake wa pekee haji Krismasi mwaka wa nne, kisa kibao cha kampeni ya uchaguzi alichosimika mbele ya nyumba. 

Kanisa lilishangilia. Walipiga makofi kwa kila neno lililowahusu Wamarekani. Mkuki kwa nguruwe, wanasema.

Kisha Mama Judith akasema kwamba miaka ishirini alisimama na bango nje ya kliniki moja, mpaka msichana mmoja akamuuliza, "Nikimwacha aishi, leo nitalala wapi?" Alirudi nyumbani akasafisha chumba cha juu ya gereji. Wasichana kumi na mmoja wamejifungua wakiishi chumba kile.

"Kama huna kitanda cha kumpa," alisema, "usimhubirie."

Makofi yalipungua kidogo. Ernesta aliitafsiri sentensi ile polepole na kumpenda yule mama waziwazi, na hakuona haya.

Mgeni akauliza: na hapa kwenu, msichana akiamua kuzaa, kanisa humfanyia nini?

Akasimama Mzee Tharsisi, katibu wa baraza la wazee. Ndiye aliyesimamia mazishi ya mume wa Ernesta, akachimba kaburi kwa mikono yake, na Ernesta hakusahau hilo. "Mwambie tunampokea kama mtoto wetu," akasema. Watu wakaitikia amina.

Ernesta alitafsiri neno kwa neno, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi. Kisha akashusha kipaza sauti, akamgeukia mzee.

"Mzee wangu, Ange yuko hapo nje chini ya dirisha. Angeitoa ile mimba kimyakimya, leo angekuwa anaimba kwaya."

Nickson aliondoa mikono kwenye kinanda, akaiweka mapajani. Mama Judith akauliza kilichosemwa, Ernesta akamtafsiria nacho, hakuongeza wala hakupunguza. Ajuza akashika goti lake, akashuka ngazi, akatoka nje. Kupitia dirishani watu walimwona anaketi, anamvalisha Ange kofia ndogo kwenye ngumi, wote wawili wakicheka bila lugha.

Wakati wa chakula Ernesta aliitwa ofisini. Wazee wanne walikaa upande mmoja wa meza. Mama Judith akaingia nyuma yake, kwa kuwa bila Ernesta hakuwa na mtu wa kusema naye, na wazee hawakujua namna ya kumtoa mgeni waliyemwalika wenyewe. Wakampa kiti na soda.

Mzee Tharsisi hakumtazama Ernesta. Aliandika kwenye daftari la baraza, kisha akasoma kwa haraka kwamba baraza limeona Ernesta Niyubahwe amelidhalilisha kanisa mbele ya mgeni, hivyo anatengwa miezi sita. Nickson hakutajwa. Akauliza kama ana la kusema.

Miaka kumi na minane katika kanisa lile. Alikuwa na hofu, na hasira, na aibu ya kumfanyia hivi mtu aliyemzikia mume. Mama Judith akamgusa mkono, akamuuliza kwa Kiingereza mzee amesoma nini.

"Ninaomba usome tena, mzee wangu," Ernesta akasema. "Polepole. Mgeni anataka nimtafsirie."

Wazee wakatazamana. Mmoja alikohoa. Tharsisi aliliangalia daftari, akamwangalia yule ajuza anayesubiri kwa adabu, chupa ya soda mkononi. Akalifunga daftari.

"Mwambie..." akaanza, akasita. "Mwambie tulikuwa tunaongelea barua ya yule binti. Kwamba kanisa linamwandikia barua ya utambulisho, aende kliniki."

Ernesta aliivuta karatasi tupu iliyokuwa mezani, akaisogeza mbele ya mzee, na kalamu juu yake.

"Hiyo nitaitafsiri," akasema, "ukishagonga muhuri."