Kidoa Shavuni mwa Malkia

Fundi Sindano alimsimamisha mwanasesere juu ya meza, akarudi nyuma kidogo amtazame vizuri, na moyo ukamshuka hadi kwenye kandambili.

"Mke wangu," alinong'ona. "Njoo umwone mama yako."

Mwanasesere yule alikuwa Malkia Shubiri, yule adui mwovu wa vitabu vya katuni ambavyo watoto, na baba zao pia, walikuwa wakinyang'anyana mtaani. Mwenye vitabu alikuwa ameagiza sampuli. Ikimpendeza, karakana yao ya chumba kimoja ingepata kazi ya mwaka mzima. Naye alikuwa anakuja asubuhi hiyo hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa safi. Mikunjo ya joho ilianguka kama kitambaa cha kweli, na rangi ya midomo haikuvuka mpaka hata kwa upana wa unywele. Ila uso sasa! Pua ile, kidevu kile kilichotangulia mbele, unyusi mmoja uliopanda, na shavuni, kidoa cheusi.

Kisa ni namna walivyofanya kazi. Fundi alichonga uso kipande kipande, leo pua, kesho kidevu, sehemu nyingine akizifunika kitambaa chenye maji udongo usikauke. Mkewe naye alipaka rangi mwanasesere akiwa kichwa chini miguu juu, ili mkono ufuate mchongo, usifuate mazoea. Basi uso mzima hakuna aliyekuwa ameuona. Na pale dirishani, mbele ya macho ya Fundi, ndipo mama mkwe alipokaa kila siku akishona vifungo. Jicho likameza, mkono ukatapika.

"Umemfanya mama yangu mchawi!" mkewe alisema, hajui alie au acheke.

"Rangi kapaka nani?"

"Nilimpaka kichwa chini! Wewe uliyekuwa ukimkodolea macho mchana kutwa je?"

Fundi hakucheka. Ndugu zake walipomkejeli kuwa ni mwanamume mzima anayechezea wanasesere, mama mkwe ndiye aliyewajibu, "Afadhali huyu kuliko wanaochezea watu." Kisha akawaachia chumba chake cha mbele kiwe karakana, yeye akahamia cha nyuma kisicho na dirisha. Leo ndiyo shukrani yake hii!

"Kifute kidoa basi, angalau hicho," alisema.

Mkewe alikifunika kwa rangi ya ngozi. Hata haijakauka, mlango ukafunguliwa. Aliingia mama mkwe, na nyuma yake mwenye vitabu. Walikuwa wamekutana nje.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Aingiaye, kabla hata ya salamu, huonyeshwa mwanasesere na kuulizwa, "Unamwona nani?" Leo wenyeji walikuwa kimya.

"Mbona siulizwi?" mama mkwe alisema. "Nimekuwa mgeni?" Akainama, akamtazama Malkia kwa muda mrefu, akamgusa shavu kwa ncha ya kidole.

Mwenye vitabu alimtazama Malkia, akamtazama mama, akarudi kwa Malkia. "Samahani, lakini huyu si ni..."

Fundi alitamani ardhi ipasuke.

"Ni wifi yangu!" mama mkwe alipiga makofi. "Wifi yangu mtupu! Kiburi kile kile! Ila unyusi, baba, hujaufikisha. Yule akikasirika ulikuwa unapanda hivi." Akaupandisha. "Na mdomo hivi."

"Hapo hapo, mama, usitikisike!" mwenye vitabu alipiga kelele. "Huyo ndiye Malkia Shubiri niliyekuwa nikimwota! Fundi, umeona? Upandishe unyusi kama huo, na kazi ni yako."

Fundi alishika sindano yake ya kuchongea na kuanza, na mama mkwe akakaa na hasira zake za bandia mpaka shingo ikamuuma.

Mwenye vitabu alipoondoka akiwa na tabasamu la sikio hadi sikio, Fundi alisema bila kuinua kichwa, "Mama, sikujua kwamba wewe na wifi yako mmefanana hivyo."

"Tufanane wapi? Wifi yangu alikuwa na uso wa duara kama sahani."

Fundi akainua kichwa. Mama mkwe alinyoosha kidole chake. Kwenye ncha rangi ya ngozi ilikuwa imekaukia.

"Sasa kidoa changu kirudisheni," alisema, akielekea kwenye kiti chake cha dirishani. "Marehemu mume wangu alikipenda kuliko macho yangu."

Mkewe Fundi alichovya brashi, akamgeuza Malkia kichwa chini kama kawaida yake. Kisha akasita. Akamsimamisha wima, akamtazama mama yake pale dirishani, na ndipo akakipaka.