Rozari ya Rejeta

Wakitoka Ulyankulu, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu. Xavery akasimamisha gari, akazima injini na kuuendea mfuniko wa rejeta.

"Ole wako uuguse, Baba Modest!" mkewe Levina akafoka, akamkabidhi rozari. "Tusali kwanza."

Xavery akasali mbiombio, kama anayewahi treni pale Tura.

"Umeruka tendo la tatu. Rudia."

Walipomaliza, injini ilikuwa imepoa. Akaufunika mfuniko kwa tambara, akaufungua taratibu, akajaza maji ya kupozea. Safari hii mvuke haukumuunguza mkono.

"Kumbe ulikuwa unaliombea gari," akatania.

"Gari lina fundi wake." Levina akaupapasa mkono wenye kovu la mwaka jana. "Mimi naulalia huu."