Usiku wa Mwisho wa Mtaa wa Los Pimientos

Zunilda Colque aliingia duka la runinga pale Calama, mji wa jangwani, akiwa amefumbata flashi kiganjani, kama aliyeokota jino la mtoto. Shoga yake Griselda alimfuata akihema kwa jua.

Ukutani kila kioo kilikuwa kinaonyesha kasuku wale wale, wekundu wa kukutoa machozi.

"Mwanangu, niondolee hao ndege. Niwekee hii."

Yerko, muuzaji, akacheka. "Mama, wateja wote wanapenda kasuku."

"Mimi nimekuja kuangalia giza."

Ilikuwa video ya usiku wa mwisho mtaani kwao Los Pimientos, kambi ya mgodi wa shaba. Kampuni iliwahamishia watu mjini, kisha ikazifukia nyumba kwa kifusi, shule na kanisa humo humo, na mpaka leo inajisifu kwamba ilitoa malori ya kubebea mizigo. Usiku ule ilipozima taa za mtaa, mama yake Zunilda alikataa kubanduka dirishani. Aliwasha mshumaa akasimama nao, na marehemu Eleuterio, mume wa Zunilda, akamrekodi kutoka ng'ambo ya barabara. Bibi yule hakuacha picha nyingine. Na video hii nayo, kwenye runinga ya nyumbani, ilikuwa ukungu mtupu.

Yerko akaanza na LED ya bei nafuu. Taa za nyuma ya kioo hazikuzimika sawasawa. Usiku ukawa rangi ya maji ya kufulia.

"Huyo ni mama yako au shuka kwenye kamba?" Griselda akauliza.

"Hebu nyamaza wewe!"

Ya pili ilikuwa na taa ndogo ndogo nyingi, inang'aa kwelikweli. Lakini mshumaa ukavimba, mwanga ukammeza aliyeushika.

Ya tatu ilikuwa OLED, ambayo kila nukta ya picha hujiwasha na kujizima yenyewe. Giza likashuka, giza lenyewe la jangwani. Halafu ulimi wa moto. Halafu kidevu, na kiganja kikiukinga moto na upepo. 

"Mama, nisikufiche," Yerko alisema. "Hii ina ugonjwa wake. Ukiisimamisha picha moja muda mrefu, siku baada ya siku, inaacha alama ya picha hiyo kwenye kioo. Utatazama mpira, na alama ipo pale pale."

Zunilda alikuwa amesogea mpaka pumzi yake inagusa kioo.

"Haifutiki?"

"Haifutiki kabisa."

"Basi nifungie hiyo."