Gundi ya Daraja la Kwanza

Mughwai alirudi kutoka kiwandani jua likiwa limeinama juu ya paa la shule, nyusi zimejaa unga mweupe, na mkewe Severina akamchotea maji mtungini kabla hata hawajasalimiana. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya watu wao pale Mkiwa. Mume akitoka kazini hupewa kata ya maji mlangoni, huyanywa akiwa amesimama, na huyamaliza. Mwanamume anayebakiza maji ya mkewe ametangaza kwamba ana mahali pengine anapokunywa, na majirani wa Mkiwa saa hizo hawana kazi kubwa kuliko kuchungulia kata za wenzao. Mughwai akanywa yote. Alipoinua kichwa, Severina aliwaona kuku wawili wakipita nyuma ya mume wake. Aliwaona kupitia tumboni mwake.

"Baba Winfrida, umeanza kuonyesha kuku," akamwambia.

"Jana hawakuonekana?"

"Jana niliona mwanga tu."

Mughwai akafunga vifungo vya shati, akaenda kukaa.

Ilikuwa kazi ya gwari. Gwari ni zao la jamii ya kunde, halina makuu, linavumilia jua la Singida kuliko hata watu wake. Mabwana wa kampuni walieleza kwamba mbegu yake ina gundi inayotafutwa ng'ambo na wachimba mafuta na watengeneza aiskrimu, maana unga kidogo tu hugeuza ndoo nzima ya maji kuwa uji mzito. Watu wakang'oa mtama, wakapanda gwari. Walipokosa cha kula wakaenda kuomba kazi kwenye kiwanda kilekile kilichosaga gwari yao. Barakoa ziliahidiwa, na zinaahidiwa mpaka leo. Unga ule huingia kifuani bila kupiga hodi, na ukishaingia hausumbui mtu. Unasubiri maji.

Kwa hiyo wafanyakazi walionywa wasinywe maji hovyo. Manase, jirani yao, alitii. Kila jioni aligusisha midomo kwenye kata ya mkewe, akamrudishia. Mkewe alivumilia kwanza, kisha akafunga mizigo akarudi kwao Kilimatinde, kwa kuwa hakuolewa ili adharauliwe mchana kweupe. Manase akabaki mkavu, mzima, peke yake na ng'ombe wake.

Severina hakutaka kuachwa na mume, wala hakutaka mume wa kuganda. Alimtaka Mughwai akiwa hai, basi, hata kama majirani wangesema mpaka midomo ikauke. Siku moja akaificha kata uvunguni na kumpokea mumewe mikono mitupu. Mama mkwe wake, Evodia, aliyekuwa akichambua mboga pale nje, akapaza sauti.

"Severina! Mwanangu anapokelewa kama mwizi?"

"Mama, maji yanamgandisha."

"Baba yake nilimpa maji mpaka anakufa. Yalimgandisha?"

"Baba yake alilima mtama, mama."

Majirani walikuwa wameacha kupeta. Mughwai mwenyewe alisimama mlangoni, mkono ameunyoosha.

"Nipe, Mama Winfrida."

"Usimalize, basi. Nakuomba."

"Nikibakiza watasema sikutaki."

Severina akaenda kuitoa kata uvunguni. Mughwai akanywa mpaka tone la mwisho, akajifuta midomo, akamtazama kwa upole wa kipumbavu kabisa. Severina alimchukia jioni ile. Alimpenda pia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kesho yake alikwenda kiwandani kumwomba msimamizi amhamishie mumewe getini. Msimamizi aliitwa Peniel, kijana mwenye adabu, asiyempita mtu mzima bila shikamoo. Zamu ilipokwisha Peniel akafuatana naye hadi nyumbani, akambonyeza Mughwai mkononi kwa dole gumba. Shimo lilibaki, kisha likajaa taratibu. Akamgeuza kuelekea juani, akamchungulia.

"Gundi hii ni ya daraja la kwanza," akasema. "Ile ya mashine huwa na chengachenga."

"Mpeleke getini, baba. Akae mbali na unga."

"Mama, unga uliomo ndani yake ni mali ya kampuni. Siwezi kuweka mali ya kampuni ilinde geti."

Mughwai aliganda Jumapili, akiwa kwenye kigoda. Aliinua mkono kumfukuza nzi, na mkono haukufika. Moyo wake ulionekana vizuri, mdogo kuliko Severina alivyodhani. Ulipiga, ukapumzika, ukapiga tena, ukaacha. Severina aliutazama hadi akahakikisha, ndipo akapiga yowe, na wachimba kaburi wakaenda shambani na majembe.

Hawakuwa wamemaliza gari la kampuni lilipofika. Mzigo wa Dar es Salaam ulikuwa unaondoka siku hiyohiyo. Peniel alivua kofia, akamwamkia Evodia, akatoa pole kwa wafiwa wote, na vijana wake wakambeba Mughwai, akitikisika bila kumwagika. Severina akaushika mguu.

"Mniachie nimzike!"

Mguu ukavutika. Gari lilipoondoka ulivutika kutoka mlangoni hadi barabarani, ukazidi kuwa mwembamba, na Severina akauachia kwa kuogopa usije ukamkatikia mikononi.

"Tutamrudisha, mama," Peniel alisema kupitia dirishani. "Kampuni haidhulumu mtu."

Na kweli Peniel alirudi alasiri, na gunia lililoshonwa mdomo.

"Mashudu hayo, mama. Tumetoa gundi, kilichobaki ni hicho."

"Ni yeye?"

"Ni yeye, bila gundi."

Walilizika gunia katika kaburi la mtu mzima, kwa kuwa lilishachimbwa. Katekista aliliita ndugu yetu, na watu wakaitika amina. Evodia alisema mwanawe amepungua sana, akalia.

Asubuhi Severina alikuta ng'ombe wa Manase kaburini. Walikuwa wamelifukua kwa pembe na kwato, wakalichana gunia. Walikuwa ngozi na mbavu, kwani tangu mtama ung'olewe hakukuwa na mabua ya kuwalisha. Severina aliwachapa mpaka fimbo ikavunjika. Hakuna aliyeinua kichwa. Akawavuta mikia, akawatukana kwa Kinyaturu, akawasihi kwa Kiswahili.

Manase akaja mbio, amevaa nguo za kazi.

"Pole, shemeji. Pole sana. Lakini waache wamalizie, wasije wakaniangukia. Hawajapata kitu cha maana tangu mwaka jana."

"Ni Mughwai huyo, Manase."

"Najua, shemeji. Nilikuwepo." Ving'ora vya kiwanda vikalia. Akageuka nusu, miguu tayari inaelekea barabarani. "Niangalizie, nachelewa zamu."

Akaondoka. Ng'ombe wa jirani ukiachiwa hawaachwi wakazurura. Severina akabaki nao, akizungusha macho ili asitokee wa kupotea. Walipomaliza walilamba gunia, wakalamba na udongo, na ndama mmoja akamjia akamlamba viganja kwa ulimi wa moto. Kisha akawaswaga hadi zizini kwa Manase, wakienda polepole kwa shibe, akafunga mlango vizuri.