Pumzi ya Mama Panya

Hata mumewe alimwita Mama Panya, wala hakukasirika. Panya weupe wa maabara ndio waliomsomeshea watoto. Aliwalisha, akawabadilishia maranda, akawashika shingoni kwa vidole viwili, taratibu kama anayechuma ua.

Jaribio la safari hii lilikuwa la pumu. Panya walivutishwa ute wa yai mpaka vifua vyao vikaukataa, na mzio ulipokaa sana ukaacha makovu kwenye njia za hewa. Nusu yao wakanyweshwa dawa mpya ya kuondoa makovu, nusu maji matupu.

Yeye naye alikuwa akikohoa. Alisema ni mafua, lakini mafua gani yasiyojua kuaga?

"Wanao panya wanatibiwa, wewe unakoroma umekaa," mumewe alimtania. "Kweli kinyozi hajinyoi."

Siku ya kupimwa wafanyakazi, alipuliza kwenye kipimo cha pumzi, akarudia, akaishiwa nguvu. Daktari aliyesimamia jaribio alitazama mstari kwenye karatasi, kisha akamtazama yeye.

"Ni panya, dada yangu. Manyoya yao, mkojo wao. Mzio umekula kifua chako kimyakimya, na makovu yameshajijenga. Nitakupa dawa ya kuvuta, utapata nafuu, ila makovu haitayaondoa. Kuanzia kesho usiingie tena mle."

"Na ile tunayowanywesha?"

"Inafanya kazi. Kwa panya. Binadamu bado, mpaka ipite majaribio mengine. Itachukua miaka."

"Mimi ninayo hiyo miaka?"

Daktari alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Mama Panya aliomba awanyweshe panya kwa mara ya mwisho. Akaruhusiwa, kwa sharti asivue barakoa.

Ndani, chupa ya dawa ikiwa mkononi, aliishusha barakoa. Funda moja tu, nani angejua? Chupa ikagusa mdomo. Halafu akawatazama panya waliopanga pua kwenye nyavu za vizimba wakimngoja. Akinywa yeye, kuna watakaokosa, hesabu ya daktari itaharibika, na yuko mtu mahali fulani, kifua kinamlia filimbi, anaisubiri dawa hii bila kujua kama ipo.

Akapandisha barakoa. Akamtoa wa kwanza, akamnywesha, akamsogeza sikioni. Pumzi ya panya ilikuwa nyepesi, inaingia na kutoka bila kelele. Alitaka kuisikiliza zaidi, lakini yake mwenyewe ilikuwa ikipiga kelele mno.